Aliyechunga Koti

Mtunza ghala la silaha alikuwa ameshika funguo zake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa zitaibwa sasa hivi. Mezani kwake kulikuwa na kikombe cha chai iliyopoa na kitambaa cha kufutia bunduki. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwanamke mfupi asiye na daftari, asiye na kalamu, asiye na haraka.

Polisi wenzake walimwita Kisiki. Alilijua jina hilo na wala halikumuudhi. Akishakaa mbele ya mtu, haondoki mpaka mtu huyo ajikwae.

"Tuanze tena, mzee wangu," alisema. "Bastola ya mkandarasi ilikuwa humu ndani."

"Ilikuwa humu, Afande. Rafu ile pale."

"Ililetwa kwa nini?"

"Mkewe alilalamika kwamba anamtishia nayo. Msajili wa Silaha akafuta leseni, silaha ikaletwa kwangu."

"Na Ijumaa ukaitoa."

"Niliitoa kwa hati! Hati ina muhuri wa sahihi ya Msajili. Mimi ni nani nikatae?"

"Jumapili akamsubiri mkewe mlangoni pa wodi. Alikuwa anatoka zamu, bado amevaa sare ya uuguzi. Risasi mbili zilimpata mgongoni, ya tatu alipigwa akiwa chini anatambaa. Nakwambia hivi ili tusikae hapa tukiliita 'tukio' tu. Haya, endelea."

Yule mkandarasi mwenyewe hakuwasumbua polisi kumkamata. Walimkuta ameketi kwenye ngazi za hospitali, bastola miguuni, anaomba maji ya kunywa. Sasa yuko rumande. Kilichomleta Kisiki kwenye Mamlaka ya Silaha ni swali moja: nani alimrudishia? Msajili, ambaye kisheria ndiye peke yake mwenye uwezo huo, Ijumaa ile alikuwa amelazwa chumba cha upasuaji, tumbo wazi. Kabla hajalazwa alikasimu madaraka yake kwa maandishi kwa Naibu wake. Naye Naibu, Ijumaa hiyo hiyo, alikuwa mji mwingine, jukwaani, akifungua semina ya matumizi salama ya silaha. Picha zipo, anatabasamu. Sasa muhuri uligongwa na jini?

"Nilifuata utaratibu," mzee aliendelea. "Silaha ya mtu aliyefutiwa leseni haitoki mpaka nipige simu juu. Nikapiga ofisini kwa Naibu. Nikasoma namba ya hati. Nikaambiwa, kama ina muhuri, toa."

"Ulimsomea na jina la mwenye bastola?"

"Hapana. Majina hatuyataji kwenye simu. Namba tu."

"Na aliyekwambia utoe ni Naibu?"

Mzee alikitazama kikombe chake.

"Naibu ni mwanamke, mzee wangu. Hiyo sauti ilikuwa ya mwanamke?"

"Ya mwanaume."

"Mwanaume gani anapokea simu ofisini kwa Naibu, na Naibu yuko kwenye semina?"

"Si yule anayechunga koti," mzee alisema, na papo hapo akajifunika mdomo kwa kiganja, mtu mzima na mvi zake.

"Koti gani?"

Machozi yalimtoka mzee bila sauti.

"Afande, nina wajukuu. Nifunge ukitaka. Lakini sauti ile sitaitaja. Aitaje mwingine."

Kisiki alikuwa amezoea watu wanaonyamaza kwa woga, na wanaonyamaza kwa sababu wamelishwa kitu. Huyu alikuwa ananyamaza kwa huruma, na huruma haitishiki kirahisi. Alisimama, akamwacha na chai yake.

Koridoni alikutana na mtu ambaye yeye Kisiki alikuwa anakwepa kukutana naye. Ofisi nzima ilimwita Mjomba tangu mazishi, kwa kuwa watoto wawili wa marehemu, wanaomwita hivyo, sasa wanaishi kwake pamoja na mama yake mzazi. Marehemu alikuwa dada yake, wa tumbo moja. Yeye ni karani wa masijala hapo hapo kwenye Mamlaka. Ndiye aliyemsaidia dada yake kuandika yale malalamiko, akayapeleka mwenyewe kwa Msajili, mkono kwa mkono.

"Afande, mzee amesema?"

"Amesema kidogo."

"Ni yeye? Amehongwa?"

"Sidhani."

Mjomba aliegemea ukuta. Alikuwa amekonda, kola ya shati inamwelea shingoni. "Mimi namtaka huyo tu. Shemeji yangu ni mnyama, tulimjua. Lakini huyu aliyekaa kitini, akanywa chai yake, akagonga muhuri, huyu nikimpata nitamla nyama mbichi. Nasema kweli. Utanifunga baadaye."

"Rudi kazini, ndugu yangu," Kisiki alimwambia.

Mkuu wa Leseni alikuwa mtu wa kucheka sana, na kicheko chake kilikuwa cha kukodi, cha kuonyesha wageni. Koplo wa Kisiki alikuwa ameshamhukumu tangu siku ya kwanza: ndiye anayeandaa mafaili, ni mwanaume, na ana funguo. Kwa bahati yake mbaya Koplo, Ijumaa ile huyo bwana alikuwa amebeba jeneza la jirani yake toka asubuhi. Watu mia wamemwona, na video ipo, amevaa miwani ya jua na kulia kwa sauti kuliko wafiwa.

Kisiki alikaa. Hakumsalimia.

"Nieleze kuhusu koti."

Kicheko kilikatika. "Koti?"

"Ukirudia neno langu tena nitakuvisha pingu hapa mezani, uende nazo kwa wafanyakazi wako wote ukiwaaga mmoja mmoja."

Alieleza. Jamani, alieleza kama bomba lililopasuka! Naibu ana koti la kijivu ambalo halivai. Kazi yake ni kukaa kwenye mgongo wa kiti. Mgeni akichungulia, koti lipo, basi Madamu yupo, katoka kidogo tu. Zamani ilikuwa ni ujanja wa kwenda saluni. Kisha kazi zikawa nyingi, safari zikazidi, na koti likapata mchungaji: mtu wa kukaa pale, apokee simu, afungue droo, agonge muhuri kwenye hati ambazo hazina maneno. Leo huyu, kesho yule. Kuchunga koti. Wafanyakazi walikuwa wanataniana, leo bosi nani, leo mimi, niamkieni.

"Na mchungaji anasoma anachogonga?"

"Asome saa ngapi, Afande? Rundo lote linakuja limefunguliwa ukurasa wa mwisho, kurasa za mbele zimekunjwa nyuma, zimebanwa. Yeye anaona nafasi ya sahihi tu. Anagonga, anageuza, anagonga. Ndivyo tulivyofundishwa. Ijumaa ile yalikuwa mafaili ya makampuni ya ulinzi, kuhuisha leseni, kazi ya kawaida."

"Na la mkandarasi lilikuwa katikati yake."

Mkuu alijifuta jasho.

"Nani alilibana mle?"

"Mimi, Alhamisi jioni."

"Sheria inasema mlalamikaji aitwe, asikilizwe kwanza. Aliitwa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Madamu alisema nisimwite. Mkandarasi ni mtoto wa mama yake mdogo. Alimlilia sana, Afande. Alisema watu wanamcheka, mwanaume mzima amenyang'anywa silaha na mke. Madamu akasema, mpe kitu chake yaishe, ila isiwe siku ambayo mimi nipo."

Kisiki alivuta kiti chake karibu. "Nani alichunga koti Ijumaa?"

Mkuu wa Leseni aliinuka, akafunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa tayari, akakaa tena.

"Yule wa masijala," alisema. "Mjomba."

Nje kuna mtu alipita akipiga mluzi. Kisiki alingoja mpaka mluzi ukaisha.

"Anajua?"

"Hajui! Wallahi hajui. Anadhani aligonga za walinzi tu. Anadhani hati ile ilipitishwa na mtu mwingine, kwa mlango wa nyuma. Sisi tuliogundua baadaye tulinyamaza. Ungemwambiaje?"

"Wewe unamwonea huruma?"

"Mno, Afande."

"Wewe uliyelibana faili ukijua lina nini, kisha ukamwita mwenye dada agonge muhuri. Hebu nielewe hiyo huruma. Zamu ya koti mnapangiana vipi?"

"Kwa kawaida napanga mimi. Lakini Ijumaa ile Madamu alichagua mwenyewe. Alisema, koti achunge yule wa masijala. Nikamwambia, Madamu, huyo si kaka wa yule mwanamke? Akacheka." Sasa alikuwa ananong'ona. "Akasema, ndiyo maana nimemchagua. Likitokea la kutokea, nani atamlalamikia nani?"

Kisiki alimwita Koplo, akamwambia huyu bwana asiondoke, asishike simu, na akitaka kwenda haja aende naye. Kisha akapanda ngazi.

Naibu Msajili alimpokea kwa adabu zote. Mwanamke wa makamo, nadhifu, sauti ya chini, kucha fupi. Koti la kijivu lilikuwa pale pale nyuma yake. Ukutani, ndani ya fremu, ilining'inia hati ya kukasimiwa madaraka, yenye sahihi ya Msajili. Kuna watu hutundika picha za harusi.

"Karibu, mwenzangu. Nasikia unawaliza wazee wangu huko chini."

"Nimekuja kukuliza na wewe."

Naibu alitabasamu. "Mimi silii kwa urahisi. Uliza."

"Ulimrudishia ndugu yako bastola."

"Mimi nilikuwa kwenye semina. Aliyegonga muhuri ndiye aliyetoa. Kama umefika huku juu, basi umeshaambiwa ni nani." Aliisogeza kalamu yake ikae sawa na ukingo wa meza. "Ni jambo la kusikitisha sana. Nilipojua sikulala. Kijana wa watu, kwa mkono wake mwenyewe! Nikasema hapana, hili tulizike. Ana mama mzee, ana watoto wa marehemu. Wakijua, nyumba ile imekwisha."

"Una moyo mzuri."

"Ndiyo maana nakushauri kama dada. Mkandarasi mnaye, atafungwa maisha. Funga jalada lako. Hakuna ushahidi mwingine dhidi ya mtu yeyote ila kwa mdomo wa yule kijana. Ili unishike mimi, lazima umpandishe yeye kizimbani aseme mbele ya mama yake: mimi ndiye niliyempa muuaji silaha. Una roho hiyo?"

Kisiki aliinuka, akaenda ukutani. Aliisoma ile hati taratibu, kidole juu ya kioo.

"Uliisoma hii kabla ya kuitundika?"

"Naijua kwa moyo."

"Nisomee mstari wa mwisho."

Naibu aliishika tena kalamu yake.

"Basi nitakusomea mimi. 'Aliyekasimiwa madaraka haya hatayakasimu kwa mtu mwingine yeyote.' Maana yake nini? Maana yake yule karani hukumwachia kitu. Ulimwachia koti. Madaraka ulikwenda nayo kwenye semina, umeyabeba pamoja na mkoba wako. Alichogonga yeye, kisheria, hakina tofauti na mtoto akichezea muhuri wa baba yake. Hati ikatoka kwenye ofisi yako, kwa muhuri uliokabidhiwa wewe, kwa faili uliloagiza wewe libanwe katikati, siku uliyochagua wewe. Mkuu wa Leseni ameshasema. Maneno yako yote, na kicheko."

"Mkuu wa Leseni ni mwongo, kila mtu anajua."

"Ndiyo, ni mwongo. Kwa hiyo namhitaji na mwingine wa kumuunga mkono. Aliyeitwa akae hapa Ijumaa, akaambiwa na nani, akakuta rundo limepangwaje."

"Utamuua yule kijana!" Kwa mara ya kwanza sauti ya Naibu ilipanda. "Sikiliza, wewe. Mimi nitafungwa miaka michache nitoke. Yeye je? Utamfanyia hivyo mtu aliyefiwa? Una roho hiyo, nakuuliza!"

"Ninayo," Kisiki alisema. "Simama."

Naibu aliomba avae koti, kwa kuwa nje kulikuwa na baridi na watu. Kisiki alimkatalia. Walishuka ngazi, pingu mbele, zikionekana, na makarani walitoka milangoni wakasimama wakitazama. Hakuna aliyemwamkia.

Mjomba hakuwa koridoni. Alikuwa chumbani kwake masijala, chumba chembamba chenye mafaili mpaka darini, anajalidi madaftari ya watoto kwa karatasi ya kaki. Alikuwa ameshamaliza matatu. Alinyanyua kichwa akiwa na kipande cha utepe wa gundi kati ya meno.

"Nimesikia kelele. Ni kweli umemkamata Madamu? Ni yeye?"

"Ni yeye. Kaa."

"Nimekaa, Afande."

Kweli alikuwa amekaa. Kisiki alivuta kigoda cha kupandia rafu, akakaa wakatazamana.

"Ijumaa ile ulichunga koti."

Uso wa Mjomba ulibadilika, aibu ya mfanyakazi aliyefumaniwa. "Hilo naomba lisiende mbali. Tutafukuzwa wote. Ni kweli nilikaa pale. Niligonga za makampuni ya ulinzi tu, kuhuisha."

"Ulizisoma?"

"Huwa hatuzisomi. Zinakuja zimebanwa."

"Simu ya kutoka ghalani ulipokea?"

"Zilikuja simu nyingi. Walinzi walikuwa wanachukua bunduki zao. Mzee ananisomea namba, namwambia, kama ina muhuri..." Alitoa kile kipande cha utepe mdomoni, akakibandika ukingoni mwa meza, polepole sana. "Ananisomea namba tu, Afande. Namba."

Kisiki alimtajia namba ya hati ya mkandarasi, tarakimu moja moja.

"Hapana," Mjomba alisema.

"Ndiyo hiyo."

"Hapana, hiyo siyo. Mimi ningeijua! Dada yangu huyo, ningeijua hata gizani."

"Hukuonyeshwa jina. Madamu alikuchagua wewe kwa makusudi, ili familia yenu isiweze kusema kitu. Faili lilibanwa katikati. Uligonga muhuri, ukapokea na simu."

Alimwambia hivyo bila kulainisha, maana hakuna namna ya kulilainisha jambo hilo, na anayedhani ipo hajawahi kulisema. Mjomba hakulia. Alianza kupanga madaftari, kubwa chini, dogo juu. Alipomaliza aliyasukuma pembeni, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza.

"Nifunge."

"Siwezi."

"Nifunge, Afande. Si nilikwambia? Nilikwambia mwenyewe pale koridoni."

"Sheria haikutaki. Hukuwa na madaraka ya kutoa hata kisu cha jikoni. Muhuri ule unahesabiwa ni wa Madamu. Wewe huna kosa."

"Basi nipe kosa!" Alipiga meza, madaftari yakamwagika chini. "Lolote! Andika uzembe. Andika nimepokea rushwa, nitakubali. Siwezi kurudi kwangu nikiwa sina kosa."

"Nakuhitaji uwe shahidi. Bila wewe, Madamu atatoka, na atarudi kukaa kwenye kile kiti."

"Shahidi wapi?"

"Mahakama ya wazi."

"Mama atakuja. Hajakosa hata siku moja ya ile kesi."

"Atakuja. Lakini hata kabla ya hapo atasikia. Madamu ameshuka ngazi na pingu, ofisi nzima imeona, na waliojua kuhusu wewe ni wengi. Leo hii hii mtu atampigia. Ni bora asikie kwako."

Simu ya Mjomba ilianza kuita, ikitetemeka juu ya meza. Wote wawili walisoma jina lililotokea. Mjomba aliichukua, akamnyooshea Kisiki.

"Mwambie wewe."

Kisiki aliacha mikono yake mapajani.

"Wewe ndiyo kazi yako, Afande, umezoea kuwaambia watu. Mwambie tu, kwa maneno yako yoyote. Naomba. Nakupigia magoti." Na kweli alikuwa ameshatoka kitini, goti moja juu ya daftari la hesabu.

"Hapana," Kisiki alisema.

Simu ilikata. Ikaanza tena. Mjomba aliitazama mpaka mlio wa nne, akafuta uso kwa mkono wa shati, akapokea. Sauti ya mama yake ilikuwa kubwa, ya mtu anayeshangilia. Habari za Naibu zilikuwa zimeshafika nyumbani, anamshukuru Mungu, anataka kujua kama ni kweli amepatikana.

"Ni kweli, Mama, amepatikana," Mjomba alisema. "Watoto wako hapo karibu? Watoe nje, Mama. Watoe nje kwanza, halafu ukae."